Sekunde Mbili za Njuga

Njuga zililia usiku wa manane, mara moja tu, cha! cha-cha-cha!, kisha zikakatika ghafula kama mdomo uliozibwa na kiganja, na Myriam, aliyekuwa amelala ubavu akimnyonyesha Elodie, hakufungua hata macho. Alikuwa amezizoea. Alisema moyoni: Florent bado anapigana na kazi yake, programu imemkataa tena, maskini ya Mungu, kesho ataamka na macho mekundu. Akavuta shuka, akanyoosha mguu.

Mguu wake ukagusa mguu wa Florent.

Mume wake alikuwa pale pale kitandani, amelala fofofo, mdomo wazi. Sebuleni hakukuwa na mwanga. Kompyuta aliifunga saa nne, Myriam mwenyewe alimwona akiitia kwenye mfuko wake na kuitundika msumarini, juu, panya wasiifikie. Alisikiliza mpaka masikio yakaanza kumuuma. Kimya. Ila harufu: harufu ya matope ya pwani ya ziwa, na ndani yake kitu kama unga uliolowa maji ukasahauliwa.

Florent aliandika programu. Mtu wa mtaa ule wa Kataki, kando ya ziwa, ukimwambia hivyo anakuuliza, programu ya redio? Hapana, programu za kompyuta. Siku zile alikuwa anatengeneza ya kupanga mizigo ya mashua zinazokwenda Moba na Kigoma, kazi ya tajiri mmoja mwenye mashua tatu. Kila akibadili kitu kidogo, kompyuta ilipaswa kuijaribu programu yote upya, ione kama hakuna kilichoharibika, na majaribio yalichukua dakika nne, tano, na Florent si mtu wa kukaa dakika tano akitazama kioo. Alikuwa anatoka uani, anapasua kuni, anambeba mtoto. Kwa hiyo aliifundisha kompyuta kumwita kwa sauti. Majaribio yakipita, sauti moja. Yakikuta kosa, sauti nyingine.

Sauti ilizokuja nazo zilikuwa tin na ton, na simu za mtaa mzima zinalia tin na ton. Akatafuta zake. Ya kufaulu, alirekodi kicheko cha Elodie siku anamtekenya tumboni, kicheko cha mtoto wa miezi minne asiye na jino hata moja. Ya kosa, alichukua njuga za nkambo yake, Elisabeth, mama wa mama yake, mtu wa kijiji cha Mpala, aliyekuwa wa misa kila Jumapili na wa njuga siku nyingine. Kabla bibi hajafa, Florent alimrekodi kwenye simu akizichezesha miguuni, dakika kumi na zaidi. Alichukua mwanzo tu, sekunde mbili. Zilizobaki alizifuta, simu ilikuwa imejaa.

Basi kuanzia Pasaka nyumba ile iliishi kwa sauti mbili. Myriam alijua hali ya mume wake kwa masikio: njuga mara tatu mfululizo, teleka chai, kicheko, jitayarishe, atakuja jikoni kucheza rumba na sufuria mkononi. Hata Mama Bijou, jirani, alikuwa anapiga kelele nyuma ya ua wa matete:

"Papa Elodie! Leo imekushinda mara saba, nimehesabu!"

"Nane, mama! Ile ya nane ulikuwa sokoni!"

"Ee, na diplome yote ile!"

Na kicheko kikisikika, Mama Bijou alipiga kigelegele huko huko kwake, na mtaa ukajua kwamba kwa Florent mambo yamenyooka. Ndivyo ilivyokuwa. Furaha tu.

Asubuhi baada ya usiku ule, Elodie aliamka na njaa, akakunja uso, akafumbua mdomo, machozi yakatiririka mpaka masikioni, na hakuna sauti iliyotoka.

Myriam alidhani mtoto amepaliwa. Alimgeuza, akampiga mgongoni, akampulizia usoni. Elodie alikuwa anapumua vizuri. Alikuwa analia, kweli analia, kifua kinapanda na kushuka, ulimi unatetemeka, lakini ni kama kutazama mtoto anayelia ng'ambo ya kioo kinene.

"Papa Elodie! Papa Elodie, amuka! Mutoto iko nalia na halii!"

"Unasema nini?"

"Njo hivi, angalia! Angalia mwenyewe!"

Walikimbia kituo cha afya, Florent na sandali mguu mmoja. Muuguzi alimulika koo, akabonyeza shingo, akasikiliza mapafu. Koo safi, mapafu safi, homa hakuna. Pengine sauti imekauka kwa baridi, alisema, mrudi baada ya siku tatu. Njiani Myriam alimweleza mume wake habari ya njuga za usiku, kwa haraka, maneno yakikanyagana, na Florent akasema ordinatere, ile kompyuta, huwa inaamka yenyewe, ina mambo mengi ya ndani, isimtie wasiwasi. Lakini alipofika aliifungua na kutafuta, kwa sababu kompyuta huandika kila inachofanya na saa yake. Usiku wa manane haikuandika kitu. Ilikuwa imekufa kabisa.

Florent aliisoma orodha ile mara mbili. Kisha akafuta sauti zote mbili mbele ya mkewe.

"Umeona? Hakuna tena. Sasa itasema tin na ton kama za wenzangu."

Siku tatu zikapita. Elodie alinyonya, alishika vidole vya watu, aliangalia kuku. Kucheka, kulia, kukohoa, kupiga chafya, vyote bila sauti. Myriam alianza kulala ameweka kiganja kifuani pa Elodie, maana mtoto asiye na sauti anaweza kufa pembeni yako usijue. Hilo ndilo lililokuwa linamla: siyo kwamba hasemi, ni kwamba akiita hatasikika.

Siku ya nne, saa sita ya mchana, jua kali, mtaa umetulia, Florent bandarini na Mama Bijou sokoni, Myriam aliketi mlangoni akichagua maharage, Elodie katikati ya miguu yake, na akasikia kicheko. Kicheko cha Elodie. Kile kile, cha sekunde tatu, kilichokuwa kinamfurahisha mtaa wote. Kilitoka jikoni, nyuma yake, na mtoto alikuwa hapa mbele yake anatafuna kitambaa, mdomo umefungwa. Kompyuta ilikwenda na Florent, simu yake Myriam haikuwa na umeme tangu jana, na jikoni hapakuwa na kitu ila sufuria na makaa, na yeye akasema hapana, ni mtoto wa jirani, huku akijua kuwa mama hakosei sauti ya mtoto wake, anaweza kukosea jina lake mwenyewe lakini siyo hiyo, na kicheko kikarudi, lakini safari hii hakikukatika palipokuwa pakikatika, kiliendelea, kilipita zile sekunde tatu zilizorekodiwa kikaingia katika kicheko ambacho Elodie hajawahi kukicheka, kirefu, cha mtoto aliyekua kidogo, kisha kikatulia, kikavuta pumzi, kikaanza kujaribu midomo, mb, mb, ba, ma, kama mtoto anayejifunza, na harufu ya matope ikatoka jikoni ikapita juu ya maharage, na Elodie akaacha kitambaa, akageuza kichwa, akatazama gizani mle ndani kwa macho ya mtu anayetazama kitu chake mikononi mwa mwingine, na kutoka kwenye giza lile, kwa sauti ya mtoto wake mwenyewe, neno ambalo Myriam alikuwa analingojea miezi minane, neno la kwanza, likaja.

"Mama."

Mdomo wake ulifunguka kuitika. Mama yeyote angeitika. Sijui ni malaika gani alimwinamisha kichwa akauma kitenge chake, akakiuma mpaka meno yakagusana, na machozi yakadondokea maharage.

"Mama," ikaita tena. "Ma-ma." Kwa subira.

Alimnyakua Elodie akatoka mbio, na Florent alipowakuta jioni walikuwa wamekaa barabarani, juu ya jiwe, chungu hakijatelekwa.

"Imejifunza kusema," alimnong'oneza. "Papa Elodie, ile kitu imejifunza kusema mbele ya mutoto wetu."

"Nilifuta, Myriam. Uliniona nafuta."

"Sasa ingia. Ingia wewe, uiambie kwamba uliifuta."

Florent aliingia. Myriam alihesabu pumzi zake. Ya kumi na mbili, mume wake alitoka kinyumenyume, akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazi. Halafu akasema:

"Imeniita papa."

Ndipo alipokiri. Siku ile ya kurekodi, Nkambo Elisabeth hakuwa anacheza ngoma ya harusi. Kulikuwa na mgonjwa pale uani, na watu wamekaa kimya, na bibi alimwambia, mujukuu, simu hiyo iweke mufukoni. Aliiweka mfukoni. Aliiacha inarekodi.

Myriam alimtazama.

"Piga simu Mpala," alisema.

Mama Émérence, mdogo wake Nkambo Elisabeth, alisema mambo mawili kwenye simu: msimlete mtoto karibu na ziwa, na yeyote asiitike chochote asichokiona. Siku ya tatu akashuka kwenye mtumbwi wa mashine, mwanamke mfupi, rozari shingoni, kikapu cha plastiki kichwani, akakataa kiti, akakataa chai. Aliingia jikoni peke yake, akakaa humo, akatoka akijipangusa mikono.

"Iko," alisema. "Imenona. Muliilisha nini?"

"Hatukuilisha kitu, nkambo," Florent akajibu.

"Nyamaza kwanza. Sikiliza. Njuga za mwanzo ni za kuita. Ukiita, muntu mumoja wa nyumba anaitika kwa furaha, njo pale mugeni anajua atakaa kwa nani. Anakaa, anasema yake, tunamupa unga. Halafu zinakuja njuga za mwisho, zile za pole pole, za kumusindikiza. Mugeni asiyesindikizwa haendi. Weye ulikata wapi?"

"Mwanzo. Sekunde mbili."

"Na za mwisho?"

"Nilizifuta."

Mama Émérence alifumba macho. "Uliita mara ngapi?"

"Siku mbaya, mara thelathini. Tangu Pasaka."

"Mara thelathini kwa siku! Hata mbwa, mujukuu, hata mbwa ukimuita mara thelathini bila kumupa mufupa, atakuja kukuuma. Na nani aliitika?"

Florent alitazama vidole vya miguu yake. Myriam ndiye aliyejibu, na alipokuwa anajibu ndipo alipoelewa.

"Kicheko," alisema. "Ilikuwa inaita, inaita, inaita, halafu kazi ikinyooka inatoa kicheko cha Elodie."

"Basi hakuiba," bibi akasema taratibu. "Mulimupa. Aliitwa, akaitikiwa, akashika kile alichopewa. Waislamu wa huku watakuambia ni jini, kwetu tuna jina lingine, sitalitaja. Hana ubaya. Anakaa tu pale alipokaribishwa. Lakini mwaka ukiisha, mutoto huyu atakuwa nyumba, na mwenye nyumba atakuwa yeye."

"Musindikize basi," Myriam akasema. "Nkambo, nakuomba. Leo."

"Mimi hanijui. Aliyemuita ni mashini. Mashini njo itamusindikiza."

Alifungua kikapu, akatoa furushi la kitambaa cheusi, na ndani yake njuga zenyewe, za chuma kilichochakaa. Alizifunga miguuni mchana ule, milango yote wazi, jua likiingia mpaka sebuleni, na Florent akaweka simu sakafuni. Bibi akatembea. Hakucheza, alitembea, akizunguka chumba kama mtu anayemshika mgeni mkono na kumpeleka njiani, hatua, mlio, hatua, mlio, dakika kumi na moja. Florent aliziingiza zote kwenye kompyuta, ziwe sauti ya kosa, hakukata hata pumzi. Akaandika kosa moja la makusudi ndani ya programu yake. Kisha akaiamuru ijaribu.

Walisubiri. Dakika nne. Myriam alikaa chini amempakata Elodie, kitenge mdomoni, kama alivyoagizwa.

Kompyuta ikakuta kosa, na njuga zikaanza.

Dakika za kwanza hapakutokea kitu. Kisha jikoni sufuria ikasogea. Harufu ikaja, nzito, matope na unga uliolowa, ikapita kati yao polepole, na ndani ya harufu ile sauti ya Elodie ikasema mama, hapo hapo sikioni pa Myriam, karibu mpaka nywele zake zilisikia pumzi, mama, na alipokaza meno ikaanza kulia, kilio alichokikosa siku saba, kilio cha njaa, cha maumivu, cha mtoto anayeachwa, na maziwa yake, jamani, maziwa yake yalitoka yenyewe yakalowanisha blauzi, maana mwili haujui kudanganywa wala kudanganya, na yeye alimkandamiza Elodie kifuani akatazama ukuta, akatazama kalenda ya parokia, akasoma tarehe moja moja, wakati sauti ile ikisogea mlangoni, mama, ikifika uani, mama, ikivuka ua wa matete, mama, mbali, barabarani, kuelekea ziwani, mama, hatua, mlio, hatua, mlio, mpaka njuga zikanyamaza zenyewe, zikaisha vizuri, kama mlango uliorudishwa kwa mkono.

Elodie alivuta pumzi ndefu, akapiga yowe lililomshtua hata Mama Bijou kule kwake.

Walilia wote. Florent alilia kama mtoto, na Elodie alilia kuliko wote, kwa hasira, uso mwekundu, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kabla ya kuondoka, Mama Émérence aliagiza ile rekodi ifutwe palepale, kwenye simu na kwenye kompyuta. "Kazi imekwisha. Njia ikiisha kupitwa haiachwi wazi." Njuga alisema atazitupa kwenye kilindi njiani, yeye amezeeka, hana wa kumwachia. Kisha akamshika Myriam mikono yote miwili.

"Neno la mwisho. Musisimulie. Nani aliita, nani aliitika, alisindikizwa namna gani, musimwambie muntu. Kusimulia ni kumutaja, na akitajwa na mama, anarudi kwa mutoto wa mama yule. Sauti ya huyu anaijua sasa. Mara ya pili hataiachilia." Akamgeukia Florent. "Kuna mwingine aliye na sauti ile ya kuita?"

"Hapana, nkambo."

Myriam aliona kwamba alijibu akitazama simu, siyo uso wa bibi.

Majuma matatu walilala usingizi mzuri. Elodie alijifunza neno mama, kwa mdomo wake mwenyewe, na Myriam aliitika kila mara, hata mara mia kwa siku, karibu, mama, niko hapa. Halafu Jumapili moja, baada ya misa, Florent akamletea simu.

"Usinikasirikie," alisema.

Kulikuwa na mahali kwenye mtandao ambapo watu wa kazi yake hupeana vitu vyao bure. Wakati wa Pasaka, kwa furaha, Florent aliweka pale zile sekunde mbili za njuga. Chini yake akaandika: *Hii ni ya kosa. Ya kufaulu, wekeni kicheko cha mtoto wenu, mtafanya kazi kwa moyo.* Aliiondoa usiku ule ule bibi alipoondoka. Lakini walioichukua walikuwa wameichukua.

"Wangapi?"

"Mia na kitu. Sijui. Bukavu, Goma, Kigoma. Huyu ni wa Uvira."

Myriam akasoma.

*Jambo ndugu. Mimi ni Syntiche, natengeneza programu ya shule hapa Uvira. Aksanti kwa zile njuga, nilizipenda sana, niliweka kicheko cha binti yangu Arlette, ana miezi sita. Nataka kuuliza tu. Kwako njuga zimewahi kulia ordinatere ikiwa imefungwa? Na tafazali usinicheke, nauliza kwa sababu sijui nimuulize nani: mtoto wangu halii. Tangu juzi. Analia lakini halii.*

"Tumwambie," Florent akasema. "Myriam, tumwambie tu aende kwa... tumwambie jambo moja tu."

"Aende kwa nani? Njuga ziko chini ya maji. Rekodi tuliifuta. Utamwambia nini, bila kusimulia?"

"Ni mutoto."

"Na huyu ni nini?"

Elodie alikuwa ameshika sketi ya mama yake, anajivuta asimame. Alianguka, akaanza kulia kwa sauti kubwa, nzuri.

Myriam alichukua simu. Aliandika taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayeshona: *Pole, mama. Kwetu haikutokea kitu kama hicho.* Akatuma. Papo hapo chini ya kioo ikaonekana kwamba kule Uvira yule mwanamke anaandika, anaandika, anaacha, anaandika tena, na Myriam akaifunika simu kwa kiganja juu ya meza, akaikandamiza, kama inaweza kutoa sauti.

"Apa," alimwambia mume wake.

"Myriam..."

"Apa, Florent."

Florent akainua mkono. Hakumtazama usoni.

Kisha Myriam akainama, akamwokota Elodie, akaweka midomo kwenye sikio lake dogo lenye joto la kilio, akamwambia kwa sauti ya chini, mara moja na mara ya pili ili awe na hakika kwamba amesikiwa:

"Usiogope. Hakuna mwingine atakayejua. Mama hatamwambia muntu."